Arusi katika nyumba ya zamani Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kiangazi kikikaribia, wachumba wengi wa Lubumbashi huanza kutafuta nyumba za enzi ya Élisabethville (jina la mji huu wakati wa ukoloni): baraza pana, dari la juu, jakaranda uani. Wengine hutaka villa ya ferme, yaani shambani, nje ya mji, njia ya Kipushi. Nazipenda nyumba hizi kwa moyo wote, na tofali za udongo wa vichuguu vya Katanga hupendeza sana jua la jioni likizipiga. Ndiyo sababu inaniuma kuona familia inalipa avansi (malipo ya awali) kwa kuamini maneno yasiyo kweli.

"Tukipata nyumba, ndoa itafungwa palepale."

Picha zinazozunguka kwenye simu ni za majumba ya mashambani Uingereza, na watu hudhani kule kila kasri hufungisha ndoa. Sivyo. Ni sheria ya mwaka 1994 iliyoruhusu ndoa ya kiserikali ifungwe nje ya ofisi ya msajili, na hadi leo jumba lazima liidhinishwe kwanza na serikali ya mtaa. Kwetu, nyumba haifungishi ndoa, hata iwe nzuri namna gani. Ndoa ya kiserikali ni kazi ya ofisa wa eta sivili, msajili wa ndoa na vizazi. Nendeni komini (ofisi ya serikali ya mtaa) mkamwulize kama anaweza kuja na rejista yake, au mtasaini kwake kisha muende kwenye sherehe. Jibu hilo litangulie malipo.

Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1118 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 iko wazi: ndoa ya Wakatoliki wawili hufungwa katika kanisa la parokia. Paroko anaweza kuruhusu kanisa jingine au kikanisa. Bustani ya villa ni jambo la askofu wa jimbo au makamu wake, na ruhusa hiyo haiombwi wiki ya arusi.

"Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba."

Hili ndilo linaloharibu arusi kuliko mvua. Nyumba hizi zimepita mikono mingi. Nyingi zilikuwa za makampuni. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, ilitaifishwa mwaka 1967, na mrithi wake ndiye Gécamines ya leo, kampuni ya migodi ya serikali. Novemba 1973 ikaja zairianisation, hatua ya serikali ya Zaire (Kongo ya wakati huo), na mali nyingi za wageni zikagawiwa watu wengine. Matokeo yake, parseli (kiwanja) moja inaweza kuwa na mjane anayeishi ndani, mtoto wa mke wa kwanza anayedai urithi, na mpangaji mwenye funguo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inataka haki juu ya parseli ithibitishwe kwa sertifika ya ofisi ya ardhi. Ombeni nakala. Jina lililo humo liwe ndilo linalosaini mkataba, au aliyesaini awe na barua ya mwenye mali. Parrain wa arusi, msimamizi wenu, asione haya kuuliza. Mwenye nyumba mkweli hakasiriki.

"Imesimama miaka mingi, itatubeba wote."

Ilijengwa kwa familia moja. Nyaya za umeme zilipangiwa balbu na redio, si baffle (spika kubwa) za muziki na frigo za vinywaji. Mwiteni fundi azikague, na kodisheni groupe (jenereta) hata kama siku hiyo SNEL, shirika la umeme, haitakata umeme. Mchwa hula mbao za paa na kuacha rangi ya nje ikiwa nzima, basi gongeni mbao za baraza kabla ya kupanga viti vya wazee juu yake. Hesabuni vyoo pia: viwili havitoshi wageni 300.

"Juni na Julai hakuna shida."

Mvua haipo, kweli. Lakini jua huzama karibu saa kumi na mbili, na usiku wa Julai baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Bibi arusi mwenye mabega wazi na nyanya zetu wataketi wapi? Chagueni nyumba yenye sebule kubwa ya kuingia.

Ferme za njia ya Kasumbalesa zina la ziada: malori ya shaba yaendayo mpakani. Ifuateni njia hiyo Jumamosi moja, saa ileile ya msafara wenu, kabla hamjaandika saa kwenye mialiko.