Haki Ni Neno Moja: Dhana Potofu Kuhusu Wokovu na Haki ya Jamii

Jumatano moja, kwenye ushirika wa nyumbani, mwenye nyumba alisimama akashuhudia jinsi Bwana alivyomfungulia milango ya biashara. Tukaimba, tukasema amina. Dada wa kazi alikuwa akizunguka na birika la chai. Ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, naye akaomba aombewe: mdogo wake amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Tulimwombea kwa machozi. Baadaye, nikimsaidia kuosha vikombe, ndipo nikajua kwamba hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu.

Tangu siku ile nasikiliza kwa makini tunayosema sisi tuliookoka kila inapotajwa haki ya jamii. Mengi tunayasema kwa nia njema, na mengi si kweli.

"Kazi ya kanisa ni kuokoa roho. Haki ni mambo ya wanasiasa."

Kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili, dhana hii inakwama kwenye neno lenyewe. Tunahubiri kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani. Tunasema pia haki ya mjane, haki ya kibarua, na mtu aliyedhulumu tunasema amekula haki ya mwenzake. Neno ni lile lile. Kiingereza kina maneno mawili hapo, moja la kusimama safi mbele za Mungu na jingine la mahakamani na sokoni, na ni rahisi kwa anayesoma lugha hiyo kuyaweka mbalimbali. Sisi tulipewa moja. Yesu anaposema heri wenye njaa na kiu ya haki, Mswahili hana sababu ya kuuliza ni haki ipi.

Halafu mtazame Zakayo katika Luka 19. Bwana ameingia nyumbani kwake bila masharti. Hiyo ni neema, na hakuna aliyemdai Zakayo kitu mlangoni. Lakini Zakayo anasimama mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne. Baada ya maneno hayo ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humu. Neema ilipoingia ilifika mpaka kwenye daftari la ushuru. Sijui tunawezaje kuihubiri sura hii na kuishia kwenye mkuyu.

"Haya ni mafundisho ya kigeni, ya watu walioiacha injili."

Mombasa kuna mtaa unaitwa Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875 na CMS. Chama hicho cha misheni kiliundwa London mwaka 1799 na Waanglikana wa kiinjili, watu wa kundi la William Wilberforce. Wilberforce aliokoka akiwa tayari mbunge, akafikiria kuacha siasa amtumikie Mungu. Mchungaji John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, akamshauri abaki bungeni. Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ikapita mwaka 1807. Rabai nako, kituo cha misheni hiyo hiyo, watumwa watoro walipata hifadhi kwa miaka mingi. Injili iliyofika pwani yetu ilikuja imeshikana mkono na suala la minyororo.

Utengano ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Marekani, wahubiri waliona wenzao wakisisitiza mageuzi ya jamii huku wakilegeza msalaba na ufufuo, wakaogopa. Katika hofu hiyo wakaachia vyote viwili: kosa la wenzao, na jambo jema lililokuwa ndani yake. Sehemu ya hofu hiyo tuliirithi.

Mwaka 1974 wainjili kutoka nchi karibu 150 walikutana Lausanne, Uswisi, kwa wito wa mhubiri wa Marekani Billy Graham. Katika agano walilotoa, ambalo John Stott aliongoza kuliandika, walitubu kwa maandishi kwamba wamepuuza wajibu wao kwa jamii na kuuona kama adui wa uinjilisti. Walisema wazi kwamba ukombozi wa kisiasa si wokovu. Wakasema pia kwamba uinjilisti na kushughulikia mambo ya jamii na siasa ni wajibu wa Mkristo, vyote viwili. Hilo la kwanza tunalinukuu sana.

"Ndugu wa uamsho walijitenga na dunia."

Hao ni Wakristo wa uamsho wa Afrika Mashariki, na hapa pana ukweli nusu, maana wapo walionyamaza. Lakini wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni, ndugu wengi wa uamsho huko Kenya ya kati walikataa kiapo wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Mtu aliyejitenga na dunia hafuatwi usiku na majeshi mawili.

Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mlokole, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huo huo wa Tukutendereza. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 mwezi huo akauawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mhubiri wa uamsho aliyefahamika duniani kote, alivuka milima kwa miguu na mkewe hadi Rwanda, na baadaye akatangaza hadharani kwamba amemsamehe Amin. Kusamehe kwake hakukumzuia kuendelea kusema kilichotendeka. Naliandika hili kwa sababu nimesikia mara nyingi dada zetu wakiambiwa kwamba kusamehe ni kunyamaza.

"Warumi 13 imefunga mjadala: tuitii serikali."

Mstari wa nne unaitaja mamlaka kuwa mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Mtumishi ana kazi aliyotumwa, na anaweza kuulizwa. Paulo aliyeandika hayo ndiye aliyekataa kutolewa gerezani kimyakimya kule Filipi, akataka mahakimu waje wenyewe, kwa sababu alipigwa bila kuhukumiwa.

David Gitari wa Kanisa la Anglikana Kenya, aliyelelewa katika hali ya uamsho, alihubiri redioni mwaka 1975 baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, akieleza swali la Mwanzo 4: yuko wapi Habili ndugu yako? Akiwa askofu alipinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya wagombea. Aprili 1989 wavamizi walifika nyumbani kwake usiku huko Kirinyaga, akapanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaja.

"Mkianza mambo ya haki, injili itapoa."

Imewahi kupoa, na tukiri hivyo. Lakini dayosisi ya Gitari, Mount Kenya East, ilikua mpaka ikabidi igawanywe mwaka 1990 kuwa Embu na Kirinyaga.

"Sisi tunatoa misaada, inatosha."

Hii ndiyo inayonirudisha kwenye vile vikombe. Juma lile kikundi chetu kilichanga unga, mafuta na sabuni, tukampa yule dada. Alishukuru kwa magoti. Nasi tukajisikia vizuri, kumbe alichokuwa anadai kilikuwa chake. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele wenyewe, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Unga wetu haukuwa na uwezo wa kuzinyamazisha kelele hizo.

Wazee wa uamsho walikuwa na neno: kutembea nuruni. Ndugu akiwa na jambo, unamwendea ana kwa ana. Tulikwenda watu wawili, tukamwambia mwenye nyumba tunachokijua. Alikasirika, akalia, akatuma mshahara wa miezi miwili jioni ile ile kwa simu. Wa tatu haujalipwa hadi leo. Dada aliondoka. Jumatano ijayo tunakutana tena pale pale, na zamu ya kuongoza neno ni yangu.