AVN ni nini, na mwenye diploma aishughulikie lini?

Mhitimu wa kidato cha sita Tanzania akiomba chuo kikuu hujaza namba yake ya mtihani, na matokeo yake hupatikana kutoka Baraza la Mitihani. Mwenye stashahada, ambayo wengi tunaiita diploma, hana njia hiyo. Matokeo yake yaliandaliwa na kutunzwa chuoni kwake, na vyuo vya kati ni vingi mno kwa chuo kikuu kuvipigia simu kimoja kimoja. Ndiyo sababu ya kuwapo AVN, yaani namba ya uhakiki wa tuzo. Hutolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, na humthibitishia anayedahili kwamba diploma ni halali na GPA, yaani wastani wa alama, ni hiyo iliyoandikwa.

AVN haiji yenyewe. Unaiomba kwenye mfumo wa baraza, na utaipata tu ikiwa chuo chako kimeshawasilisha matokeo yako huko. Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama, na inauma kwa sababu ni wale waliofaulu vizuri. Transkripti iko mkononi, lakini barazani jina halionekani, au linaonekana na kosa. Toa vyeti vyako uviweke mezani: cha kidato cha nne kina majina matatu, cha chuo mawili, kimoja kimeandika Mohamed, kingine Muhammad. Herufi hizo chache zinatosha kukuchelewesha mpaka awamu ya kwanza ya maombi ipite. Ofisi ya mitihani ya chuo chako ndiyo ya kuanza nayo, tena ukiwa bado mwanafunzi wao. Usingoje dirisha la udahili lifunguliwe katikati ya mwaka, kila mtu akiwa foleni.

Kuhusu alama, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, imeweka kima cha chini kwa mwenye diploma ya NTA ngazi ya 6 (NTA ni mfumo wa tuzo za vyuo vya kati, na ngazi ya 6 ndiyo stashahada): GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D. Kima cha chini hakikuhakikishii nafasi. Kozi zenye ushindani zinaweza kudai 3.5, kwa hiyo semista ya mwisho isichukuliwe kuwa ya kumalizia tu.

Na cheti cha kidato cha nne usikifungie kabatini ukidhani kimeshapitwa. Tabibu mwenye diploma anayetaka kusomea udaktari huangaliwa alama zake za Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza za miaka ile. Mwenye F katika mojawapo ni heri arudie mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea kabla ya kulipa ada ya maombi.

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na wenye diploma wana wa kwao, tofauti na wa kidato cha sita. Humo kila kozi imetajiwa diploma inazozikubali. Soma mstari wa kozi yako neno kwa neno. Diploma ya uhasibu na ya ununuzi hazifungui kozi zilezile.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, huombwa kando na maombi ya chuo, na cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Uhakiki huo unaweza kuuanza hata kabla hujafanya mtihani wa mwisho.