Msikiti Mkuu wa Kilwa husomwa sakafuni

Wageni wengi wanaovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huuliza Msikiti Mkuu ulijengwa mwaka gani. Mwaka mmoja haupo, kwa sababu pale msikiti umejengwa juu ya msikiti. Ukumbi mdogo wa kaskazini, upande wa kibla, ni wa karne ya 11 au 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, inapita hapa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana kuelekea kusini. Nguzo za upanuzi ule, kila moja jiwe zima la tumbawe, hazikuhimili. Jengo likaporomoka, na karne ya 15 likasimamishwa upya kwa nguzo za pembe nane, za mawe na chokaa. Ndizo mnazopiga nazo picha.

Mpangilio huu sisi wanaakiolojia tunaupata hasa sakafuni. Wajenzi walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kila ukarabati ukaja na sakafu yake juu ya kifusi cha zamani. Ukikata mtaro, ubavuni sakafu ni mstari mweupe, na chini yake kuna udongo wenye mkaa, vigae vya vyungu na mifupa ya samaki. Kilichofunikwa hapo hakiwezi kuwa kipya kuliko sakafu yenyewe, ilimradi haijatobolewa. Na hapo ndipo kazi ilipo! Mtu aliyechimba kaburi au shimo la nguzo miaka mia baadaye ameshusha vitu vya kwake kwenye tabaka lisilo lake. Basi kabla ya kuinua chochote nakwangua ubavu wa mtaro kwa mwiko, naunyunyizia maji kidogo, natafuta mahali udongo unapobadilika rangi au kulegea.

Sarafu nazo zinategemea matabaka hayo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mungu, yenye vina, lakini hawakuandika mwaka. Neville Chittick, aliyechimba hapa miaka ya 1960, aliyapanga matabaka kwa msaada wa vigae vya Uajemi na China vilivyolala pamoja nazo. Sarafu iliyookotwa ikatiwa mfukoni haisemi tena ililala na nini. Ukiiona, iache palepale, umwite mhifadhi.