Foleni ya malori na wanaoipigia kelele: yanayosemwa na yaliyopo

Kila mara Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, EABC, likitoa tamko kuhusu foleni ya mpakani au tozo mpya ya barabara, majibu ya watu huwa yaleyale. Matajiri wanajitetea. Wanatafuta msamaha wa kodi. Wakimaliza kikao wanakula hotelini Arusha, basi. Baadhi ya kejeli hizi zina ukweli na nitaufikia. Nyingi, hata hivyo, zinatoka kwa watu ambao hawajawahi kufuatilia kontena moja kutoka bandarini hadi Kampala au Kigali. Nimezipanga kadiri ninavyozisikia, si kwa uzito wake.

"EABC ni idara ya Jumuiya"

Siyo. Baraza hili lilianzishwa mwaka 1997, miaka miwili kabla Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haujasainiwa Arusha, tarehe 30 Novemba 1999. Ni chombo cha sekta binafsi, na wanachama wake ni vyama vya wafanyabiashara vya nchi mbalimbali, vyama vya kisekta na kampuni. Ndani ya Jumuiya lina hadhi ya mwangalizi. Linaingia kikaoni, linawasilisha andiko, linatetea hoja yake. Kuamua ni kazi ya mawaziri na Wakuu wa Nchi, nao huamua kwa maafikiano, maana yake nchi moja ikigoma, hoja imelala.

Anayedhani lina ubavu wa kuzilazimisha serikali akumbuke Katuna. Mpaka huo kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walilia, vyama vikaandika barua, lakini ugomvi ulikuwa wa kisiasa na ukasubiri wanasiasa waumalize.

"Wanachodai ni lami tu"

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170. Dar es Salaam hadi Kigali ni kama 1,500. Lami ipo. Dereva akiendesha kwa utaratibu na kulala usiku, safari ya Kampala ni ya siku mbili tatu. Lakini kabla ya 2014, mzigo wa Mombasa kwenda Kampala ulikuwa ukihesabiwa kuchukua siku 18, na wa Kigali siku 21. Zile siku nyingine zote lori lilikuwa limesimama.

Lilisimama wapi? Chukua mpaka wa Malaba wa zamani. Dereva anafika upande wa Kenya, anaegesha, anamkabidhi wakala wa forodha makaratasi, anagonga mhuri uhamiaji, anasubiri aruhusiwe kutoka. Anavuka mita chache tu, kisha anaanza upya upande wa Uganda: foleni nyingine, wakala mwingine, dirisha jingine, makaratasi yaleyale yanaingizwa upya kwenye kompyuta nyingine. Mtandao ukikatika Ijumaa jioni, utingo anatandika mkeka chini ya tela, maana anajua ni hadi Jumatatu.

Mambo mawili yalipunguza kero hiyo, na yote mawili sekta binafsi iliyadai kwa miaka. La kwanza ni Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014. Kodi ya nchi unakokwenda mzigo inalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini, na maofisa wa mapato wa Uganda, kwa mfano, wanakaa Mombasa. La pili ni vituo vya huduma kwa pamoja mpakani. Rusumo kilizinduliwa 2016, Busia Februari 2018, Namanga Desemba 2018. Utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa: unapotoka nchini husimami. Unavuka moja kwa moja, na upande unaoingia unawakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Baada ya Himaya Moja kuanza, maofisa wa Jumuiya walianza kutaja siku nne hadi tano kwa Kampala badala ya zile 18.

Ila jengo haliondoi foleni peke yake. Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva walipie kipimo cha Korona mpakani Malaba, wengi waligoma kuingia. Foleni ya malori ikaenda makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na bei ya petroli Uganda ikaruka ndani ya siku chache. Mpaka ule ulikuwa na kituo cha pamoja, kompyuta na lami nzuri. Kilichokosekana ni serikali mbili kukubaliana kuhusu cheti kimoja.

Kuna gharama nyingine ambayo lami haiigusi kabisa, nayo ni kurudi tupu. Nchi za bara, zisizo na bahari, zinaagiza mzigo mwingi kuliko zinaousafirisha nje. Lori linapanda limejaa, linashuka na kontena tupu ambalo lazima lirudishwe kwa kampuni ya meli kabla siku za bure hazijaisha, ama sivyo faini inaanza kuhesabiwa kwa siku. Kwa hiyo mwagizaji wa Bujumbura analipia safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nafuu yake inakuja pale lori la Burundi linapopata kahawa, chai au mahindi ya kushusha nalo, na huo ni mjadala wa kilimo na viwanda zaidi kuliko wa barabara.

"Ushuru ulishafutwa, wanalalamikia nini?"

Ni kweli, bidhaa zinazotimiza masharti ya uasili, yaani zinazothibitika kuzalishwa ndani ya Jumuiya, hazitozwi ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama. Umoja wa Forodha ulianza 2005, na baada ya kipindi cha mpito cha miaka mitano ushuru wa ndani ukafikia sifuri. Kilichobaki kinaitwa vikwazo visivyo vya kiforodha, navyo vina sura nyingi: cheti cha ubora cha nchi moja kukataliwa na nyingine, kibali kipya kutangazwa usiku, tozo yenye jina jingine. Septemba 2013 ada ya barabara kwa malori ya Rwanda yanayoingia Tanzania ilipanda kutoka dola 152 hadi 500. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Ndani ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, lakini waliokuwa tayari na magunia njiani walishaumia.

Hofu ya sumukuvu haikuwa ya kubuni, sumu ile inaua. Hoja ya wafanyabiashara ilikuwa kwamba upimaji na taarifa vitangulie, si lori kusimamishwa likiwa tayari mpakani. Mwaka 2017 Jumuiya ilipata sheria ya kuondoa vikwazo vya aina hii, yenye kamati za ufuatiliaji katika kila nchi. Imesaidia kuviorodhesha. Kuvizuia visirudi kwa jina jipya ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu hapo sheria bado haina meno.

"SGR ikikamilika, malori yatakufa"

Reli, hata hii ya kisasa inayoitwa SGR, inashinda pale mzigo ni mwingi, mzito, na unakwenda mbali bila kushushwa. Inapoteza pale kontena linaposhushwa kwenye treni na kupakiwa tena kwenye lori ili lifike ghala la mteja. Agosti 2019 Kenya iliagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa SGR hadi bandari kavu ya Nairobi. Wasafirishaji wakapinga, Mombasa ikaandamana, agizo likasitishwa. Waagizaji walikuwa na hesabu ya kuonyesha: nauli ya treni, kupakua na kupakia Embakasi, ilipo bandari kavu hiyo, lori la kumalizia safari, na muda wa kukaa bandari kavu. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais Ruto alitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa.

Wapo waliolichukua hilo kama ushahidi kwamba wafanyabiashara wanaichukia reli. Sioni hivyo. Reli ya kisasa ya Kenya iliishia Naivasha, na kutoka hapo hadi Malaba unaendelea kwa reli ya zamani yenye upana mwingine. Wateja wa Uganda wamekuwa wakidai iunganishwe. Walichokataa wenzao wa Mombasa ni kulazimishwa.

"Wanataka mizani ing'olewe"

Hili linasemwa sana kwenye mizani ya malori ya Mariakani, Kenya, na Vigwaza, Tanzania, na baadhi ya madereva wangefurahi kweli. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 imeweka kikomo kimoja, tani 56 kwa lori la ekseli saba. Msafirishaji makini anakihitaji kikomo hicho, maana asiyezidisha uzito hawezi kushindana kwa bei na anayezidisha. Na barabara haina huruma. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha tani 11, uharibifu unaongezeka kwa karibu nusu.

Malalamiko yenye mashiko ni mengine. Lori lilelile linapimwa mara kadhaa njiani na kila mizani inatoa jibu lake. Au shehena ya nafaka inahama ndani ya tela kwenye mteremko: uzito wote haujabadilika, lakini ekseli moja sasa imezidi, na dereva anaandikiwa faini kwa kosa ambalo hakulifanya alipopakia.

"Wafanyabiashara wana sauti moja"

Hapa wakosoaji wana haki, ingawa kwa sababu tofauti na wanayoitaja. EABC ina wanachama wanaogombania soko moja. Mwenye kiwanda cha nguo anataka ushuru mkubwa kwa nguo za nje, na muuza duka anataka mdogo. Nchi wanachama zilipokubaliana kiwango cha juu cha asilimia 35, kilichoanza Julai 2022, hawakushangilia wote. Wasafirishaji wa Ushoroba wa Kaskazini, njia inayoanzia Mombasa, na wa Ushoroba wa Kati, unaoanzia Dar es Salaam, nao wanashindania mzigo wa Rwanda na mashariki mwa Kongo. Ndiyo maana matamko ya pamoja mara nyingi huwa mapole hadi yanachosha kusoma: yamepita kwenye mikono mingi inayovutana. Yakihusu foleni na mipaka yanakuwa makali kidogo, kwa sababu foleni inawaumiza wote.

"Wadogo hawamo"

Wamo kwa kiasi, na wao ndio foleni inawamaliza haraka zaidi. Kampuni kubwa ina mwanasheria na akiba ya kusubiri wiki. Mama anayevusha nyanya Namanga hana. Kwa ajili yake upo utaratibu rahisi wa forodha: mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti cha uasili palepale mpakani. Wengi husikia nusu tu ya habari hii. Kinachosamehewa ni ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani na ukaguzi wa afya ya mimea vinabaki, na mgambo au dalali anayejua kwamba hujui hilo atakutoza mara mbili.

"Nauli ya ndege ni ghali kwa sababu ya umbali"

Entebbe hadi Kigali hazifiki kilomita 400 angani, pungufu ya Nairobi hadi Mombasa. Lakini ya kwanza inahesabiwa kuwa safari ya kimataifa, na ada za abiria zinapangwa hivyo, juu ya makubaliano ya nchi mbili mbili yanayoamua nani aruke wapi. EABC imelisukuma suala la anga huria kwa miaka, na mafanikio yake hapa ni madogo kuliko mpakani. Serikali kadhaa zina mashirika yao ya ndege ya kulinda.

"Kulalamika hakusaidii, hakuna anayesikia"

Malalamiko ya kwenye kituo cha mafuta hayasikiki, hilo nakubali. Yanayoandikwa yana njia yake. Upo mfumo wa pamoja wa kuripoti vikwazo unaozihusu pia nchi za COMESA na SADC, kwa intaneti na katika baadhi ya nchi kwa ujumbe mfupi wa simu, na kila ripoti inapelekwa kwa ofisa wa nchi inayolalamikiwa ili ajibu. Kinachoiua ripoti ni kukosa maelezo. "Wanatusumbua Tunduma" haijibiki. Ripoti inayojibika inataja mpaka, tarehe na saa, aina ya mzigo, karatasi iliyokataliwa, ofisi iliyoikataa na fedha iliyodaiwa, ikiambatana na picha ya risiti au ya notisi iliyobandikwa dirishani. Kama hakuna risiti, andika hivyo pia. Fedha iliyodaiwa bila risiti ni taarifa tosha kwa anayeisoma.