Gesi zaidi si mafuta zaidi

Vijana wa Nakuru waliozoea visima vya mvuke vya Menengai wakianza kuzungumzia vya mafuta, hutakosa kusikia hili: kisima kinachoinuliwa kwa gesi kikilegea, ongeza gesi, kitatapika. Sivyo.

Gesi hiyo si pampu. Hushushwa katikati ya bomba la kinga (lile pana la nje) na bomba la kupandishia mafuta, ikapenya ndani kupitia vali na kuyapunguzia mafuta uzito. Anayesukuma ni mwamba wenyewe. Ukizidisha gesi, msuguano bombani hupanda, shinikizo la chini kabisa kisimani huongezeka, na mafuta hupungua huku kompresa ikila pesa.

Basi kisima kikilegea, soma geji mbili za shinikizo kwanza, ya gesi na ya mafuta. Ya gesi ikishuka, tazama koki ya kupunguzia gesi pale juu. Gesi yenye unyevu ikipenya tundu dogo hupoa ghafla na unyevu huo huganda, hata jua likiwaka (wengi hawaamini mpaka waguse bomba). Ipashe joto au utie methanoli.

Geji zikipanda na kushuka kwa zamu, kisima kinatoa kwa mikupuo. Hapo huenda gesi ni kidogo kweli, au tundu la vali ni kubwa mno.

Vali huwa kadhaa, moja chini ya nyingine; ya juu ikivuja, gesi huingia mapema na mafuta ya chini hubaki mazito. Shusha kipimajoto: panapoingia gesi, joto huanguka. Vali iliyokaa katika mfuko wa pembeni mwa bomba hung'olewa kwa waya, bomba likibaki palepale.