Bayasi: zile volti 580 ndani ya hedifoni za elektrostatiki

Ukitaka kujijengea amplifaya ya hedifoni za elektrostatiki, mchoro wa saplai, yaani sehemu inayoilisha umeme, utakuonyesha mahali palipoandikwa bayasi, mara nyingi pamoja na namba 580. Hizo ni volti, na wengi hushtuka.

Bayasi ni umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, unaoupa chaji utando wa hedifoni. Hedifoni za kawaida zina sumaku na koili. Hizi zina utando wa plastiki wa mikroni chache tu, uliowambwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Amplifaya hupeleka muziki kwenye sahani hizo kwa kupishana: hii ikipanda, ile inashuka. Utando wenye chaji husukumwa na moja, ukavutwa na nyingine, hewa ikatikisika. Bila chaji utavutwa sawasawa pande zote mbili, nawe hutasikia kitu.

Kampuni ya Stax ya Japani, iliyotoa hedifoni za SR-1 mwaka 1960, zamani ilitumia bayasi ya volti 230. Hiyo ya 580 ilikuja baadaye. Plagi za hedifoni hizo hutofautiana: ya zamani ina pini 6, ya 580 ina pini 5. Usilazimishe ya zamani kwenye bayasi kubwa, maana utando unaweza kunasa kwenye sahani.

Kati ya bayasi na utando hukaa rizista kubwa, yaani kifaa cha kuzuia mkondo, mfano megaomu 5. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko kifaa kingine chochote humo. Huzuia chaji isiingie wala kutoka haraka wakati utando unacheza, na chaji isipobadilika, mwendo wa utando hufuata muziki bila kuupotosha. Tena inabana mkondo: volti 580 kupitia megaomu 5 hazitoi hata mikroampia 120.

Kwa hiyo kinachoua si bayasi iliyokwisha kupita kwenye rizista. Ni njia kuu za saplai, chanya na hasi, zenye volti 400 hivi kila moja, pamoja na kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi chaji. Kapasita moja ya mikrofaradi 470 iliyojaa volti 400 imeshika takriban jouli 38, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Funga rizista ya kuimaliza chaji sambamba na kila kapasita kubwa, kisha usiiamini: zima, chomoa, subiri, pima kwa mita kila njia, ya bayasi ikiwemo, ndipo uguse.