Huyu anayenyoosha watu migongo uwanjani kazi yake nini hasa? Maswali na majibu

Mi huwa nakaa tenti ya huduma ya kwanza kwenye mabonanza na mbio za huku Mwanza, na tangu watu waanze kuona video za wanamichezo wa nje wanavyovunjwa-vunjwa viungo na huyu mnyoosha migongo, yaani kairopraktika, maswali hayaishi, basi leo nayajibu hapa.

Kairopraktika ni daktari?

Ni mtaalamu wa mgongo na viungo anayetibu kwa mikono. Kazi yenyewe ilianzia Marekani, mji wa Davenport, mwaka 1895, mwanzilishi akiitwa Daniel David Palmer. Wanasomea miaka mingi, ila kwa kawaida opereshen hafanyi na dawa haandiki, na wanamichezo wanawapenda kwa hilo pia maana mkono haukufelishi kipimo cha dawa za kusisimua misuli.

Kwenye mashindano anafanya nini?

Watu wanadhani ni kugeuza shingo tu siku nzima. Hapana jamani. Kabla ya mbio anakuambia uchuchumae, usimame mguu mmoja, anaangalia nyonga imekaza upande gani, kifundo kama kinakunja vizuri, anakufunga tepu, anakulegeza misuli ya paja. Baada ya mbio ndo foleni sasa, huyu kabanwa na misuli, huyu kiuno kimegoma. Ukimpeleka kwenye mashindano ya mitumbwi atakutana na migongo na mabega tu, maana mpiga kasia anavuta kainama muda wote, na wale wa baiskeli wanakuja na shingo na viganja vimekufa ganzi kwa kung'ang'ania hendo. Na hafanyi peke yake, kwenye Olimpiki ya London 2012 walikuwa ndani ya kliniki ya kijiji cha wanamichezo pamoja na madaktari na mafizio, wale wataalamu wa tiba kwa mazoezi ya viungo.

Ule mlio wa "kwa!" ni mfupa umerudi mahali pake?

Wala. Ndani ya kiungo kuna majimaji, ukikivuta ghafla gesi inajitengenezea kapovu, ndo unasikia mlio, sawa na ukialisha vidole. Kwahiyo isipolia usidai hela yako.

Mimi ni kocha, mchezaji kaanguka kichwa na shingo inauma, namwita amnyooshe arudi uwanjani?

Kocha, usithubutu! Hapa kairopraktika mzuri ndo anapojulikana, anarudisha mikono nyuma. Kuna siku kijana mmoja aligongana na mwenzake akawa anasema mikono inamchonyota, akatokea jamaa mmoja kifua kipana kutoka kwa mashabiki anataka ampindue shingo "aachie", ikabidi nipige magoti katikati yao nimshike dogo kichwa kisitikisike mpaka ambulensi ikaja. Ganzi, miguu kukosa nguvu, kutapika, kuchanganyikiwa, hayo ni ya hospitali, Bugando au Sekou Toure, siyo ya tenti. Na aliyetikisika ubongo harudi kucheza siku hiyo hata akiapa yuko fiti. Halafu kupindua shingo kwa nguvu kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kichwani ukaleta kiharusi, hutokea mara chache sana lakini ikitokea ndo imetokea.

Lakini inasaidia kweli?

Maumivu ya mgongo wa chini inasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi ya fizio. Kukuongezea spidi, hakuna ushahidi wa maana. Ukikutana na anayesema ananyoosha mgongo ili kutibu pumu au kisukari, chukua viatu vyako uondoke.

Bonanza letu la Igoma hatuna mtaalamu kama huyo, tufanyeje?

Tafuteni fizio au nesi, na mzee wa kukanda mumuombe akae pembeni kwanza. Kifundo kikiteguka kisikandwe na maji ya moto siku mbili za mwanzo, funga bandeji, inua mguu, weka barafu dakika 15 hadi 20. Akishindwa kutembea hatua nne huyo akapige eksirei, hata akisema "nimezoea". Barafu zile za vifuko wanazouza watoto getini zinafaa kabisa, ila izungushie kitambaa kwanza, mwaka jana nimeona mtu kaungua ngozi kwa barafu na mguu wenyewe wala haukuwa umeteguka.